Kazi za Kijiti cha Meno Nje ya Meza ya Chakula

Nyumbani kwetu kuna makopo mawili ya vijiti vya kuchokolea meno. Moja hukaa mezani, na la pili hukaa katika sanduku la vifaa vya ufundi, kando ya nyundo na bisibisi, nalo ndilo linaloisha mapema. Utaratibu huo ulianza na mlango wa chumba cha watoto.

Mlango huo ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu kila ulipofunguliwa. Skrubu mbili za bawaba ya juu zilikuwa zikizunguka bure bila kushika, kwa sababu nyuzi za mbao ndani ya matundu yake zilikuwa zimesagika kwa miaka mingi ya kufungua na kufunga. Fundi niliyemwita alishauri fremu nzima ing'olewe na kuwekwa mpya, kwa gharama ambayo sikuwa nayo mwezi ule. Jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa seremala, alipousikia ushauri huo alikuja kuutazama mlango mwenyewe, akaniambia: "Mwanangu, fremu hii haina kosa, ni tundu tu limepanuka. Niletee vijiti vya meno na gundi ya mbao."

Nilichojifunza siku ile nimekirudia mara nyingi, kwa hiyo nitakieleza kwa utulivu. Kwanza tia kabari chini ya mlango ili uzito wake usining'inie kwenye bawaba, kisha toa skrubu zilizolegea. Chovya vijiti katika gundi nyeupe ya mbao, uvisukumize tunduni kimoja baada ya kingine mpaka kisiwepo kingine kinachoweza kupita; mimi kwa kawaida hutumia vitatu au vinne kwa kila tundu. Kata vichwa vinavyobaki nje kwa kisu kikali, viwe sawasawa na uso wa fremu, uache gundi ikauke usiku kucha. Asubuhi rudisha skrubu kwa bisibisi ya mkono, taratibu. Skrubu inapopenya katikati ya vijiti huvibana kwenye kuta za tundu, hivyo inapata tena mbao ya kuuma. Usiharakishe hatua ya kukausha, kwa kuwa gundi mbichi huteleza na vijiti hutoka pamoja na skrubu.

Dawa hii haifai kwa fremu iliyoliwa na mchwa au kuoza kwa maji, wala kwa geti zito, ambalo linahitaji kipande kinene cha mbao kigongwe ndani ya tundu. Vijiti vya plastiki pia havifai, kwa sababu havinywi gundi. Lakini kwa vishikio vya makabati na bawaba za madirisha ya mbao, sijaona njia iliyo rahisi kuliko hii.

Katika ushonaji, kijiti hicho hicho kinaokoa vifungo vya makoti. Kifungo kilichoshonwa kwa kubanwa sana juu ya kitambaa kizito hukikunja kitambaa kinapofungwa, na baada ya muda uzi hukatika. Laza kijiti juu ya kifungo, kati ya matundu yake, kisha pitisha uzi juu ya kijiti kila unaposhona. Ukimaliza, kichomoe, uvute kifungo juu, na uuzungushe uzi uliobaki mara kadhaa chini yake ili kupata kishingo kifupi. Koti litafunga bila kujikunja.

Jikoni, wengi tunajua kupima keki kwa kijiti, lakini wakati wa kupima una umuhimu wake. Anayeoka keki kwa sufuria, makaa yakiwa chini na mengine juu ya mfuniko, hupoteza joto jingi kila anapofunua, na keki ambayo haijashika inaweza kuzama katikati. Subiri harufu ienee na kingo zianze kuachana na sufuria, ndipo uchome katikati mara moja. Kijiti kikitoka na rojo, bado. Kikitoka kikavu au na chembe chache, epua. Kisu huacha jeraha pana kwenye keki bila kukupa habari zaidi.

Kijiti pia hufunga nyama iliyokunjwa na kujazwa viungo. Kama itachomwa juu ya makaa, loweka vijiti kwenye maji kwa nusu saa ili visiungue mapema. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini: hesabu vijiti unavyoingiza, na uhesabu tena unavyotoa kabla ya kuandaa meza. Kijiti kilichomezwa kinaweza kutoboa utumbo, na aliyekimeza huenda asijue kamwe kwamba amekimeza. Kwa sababu hiyo makopo yetu yote mawili yana vifuniko na hukaa mbali na mikono ya watoto.

Kwenye bustani, ncha iliyoloweshwa huinua mbegu moja ya mchicha kwa wakati, na miche midogo ya nyanya hung'olewa vizuri kwa kuichokoa kutoka chini ya mizizi huku umeshika jani. Usishike shina, kwani mche unaweza kuota jani jingine lakini shina likipondeka umekwisha.

Tundu la chaji la simu lililojaa vumbi nalo husafishwa kwa kijiti cha mti, simu ikiwa imezimwa. Pitisha ncha polepole kwenye kuta, bila kuugusa kwa nguvu ule ulimi mwembamba wa katikati. Sindano ya chuma hukwaruza sehemu zinazopitisha umeme na inaweza kuziunganisha mahali pasipotakiwa.

Kwa jiko la gesi, hata hivyo, ushauri wangu ni tofauti na ule unaosambazwa mara kwa mara, wa kuzibua vitundu vya moto kwa kijiti. Niliwahi kuchokoa vitundu vya moto vilivyozibwa na uji uliofurika, ncha ikavunjikia ndani, na upande mmoja ukawa hauwaki kabisa. Kijiti kitumie kuondoa mafuta yaliyoganda kuzunguka vitasa na kwenye maungio ya bati. Vitundu vyenyewe visafishe kwa waya mwembamba, baada ya kufunga mtungi na kuacha jiko lipoe, kisha uoshe kichwa cha jiko na kukikausha kabisa kabla ya kukirudisha. Kile kitundu kidogo cha chini kinachotoa gesi usikiguse kwa waya wala kwa kijiti, maana kikipanuka kidogo tu kiasi cha gesi hubadilika. Hicho mwachie fundi wa majiko.