SWALI NA JIBU: Mwanangu alifariki kwa selimundu, nikiwahimiza watu wapime naambiwa napinga kadari ya Allah

SWALI: Shehe assalaam alaykum. Mimi ni mama, naishi Mwanza. Mwanangu wa kiume alifariki akiwa na miaka sita, alikuwa na selimundu (sikoseli), na tulikuja kujua ana huo ugonjwa akiwa na miaka mitatu, kabla ya hapo tulikuwa tunaambiwa ni malaria tu. Baada ya msiba nilikaa kama mtu ambaye hayupo, swala naswali lakini moyo mkavu. Alafu nikaanza kwenda kliniki ya watoto wa selimundu kukaa na kina mama wenzangu, na siku hizi napita kwenye madrasa na kwenye vikao vya harusi nawaambia vijana wapime kabla ya kuoana. Huko ndo najisikia Allah yuko karibu yangu kuliko nikiwa kwenye mswala. Sasa ustadhi mmoja wa mtaani kwetu kasema mbele za watu kwamba napinga kadari, kwamba msiba ni siku tatu, kwamba kusema "tungepima mapema" ni mlango wa shetani, na kwamba mwanamke hatakiwi kusimama kuongea mbele za wanaume. Mama mkwe nae anasema damu mbaya ni yangu. Je napata dhambi? Na kuna hela za rambirambi zilibaki, naweza kununulia vipimo?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Pole sana. Allah akupe subira na amfanye mtoto wako akiba yako kesho akhera.

Swali lako limenikosesha raha, maana maneno uliyoambiwa nayasikia kwenye misiba mingi, na mengine nimeyasikia mimbarini, na yanasemwa kwa jina la tauhidi, mtu anayeyasikia anaogopa kuyajibu asije akaonekana anabishana na dini. Kwamba ajali (siku ya kufa) ya kila mtu imeandikwa na kwamba kupiga mayowe na kuchana nguo ni haramu, hayo hatugombani na wala hujayauliza, tuyaache.

Hukumu yenyewe ni fupi: hupati dhambi. Unachofanya ni kheri, na kwa mtu aliyeshajua jambo hili mpaka mifupani kama wewe, kunyamaza ndo kungenitia mimi wasiwasi.

Sasa hayo aliyosema ustadhi. Naanza na hilo la "tungepima", maana ndo linalokuumiza zaidi na ndo amelishikia hadithi. Hadithi ni sahihi, ipo kwenye kitabu cha hadithi cha Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume (s.a.w) amesema likikupata jambo usiseme "lau ningefanya kadha ingekuwa kadha", sema "Allah kakadiria na alilotaka kalifanya", kwani "lau" inafungua kazi ya shetani. Lakini hadithi haianzii hapo! Kabla ya hapo inasema: pupia linalokufaa, muombe msaada Allah, wala usishindwe. Yani maneno matatu ya kuamrisha kazi yametangulia, ndo likaja hilo la nne la kumtuliza mtu baada ya kazi. Mtu akichukua mkia wa hadithi akaacha kichwa anampa mama aliyefiwa hukumu ambayo Mtume hakuitoa. "Lau" inayokatazwa ni ile ya kumlaumu Allah, au ya mtu kujitafuna usiku kucha kwa jambo ambalo halirudi. Ile ya kufundisha wengine haimo humo, na dalili ni Mtume mwenyewe, kwenye Hijja ya kuaga alisema lau ningelijua mwanzo nililolijua mwisho nisingekuja na mnyama wa kuchinja na ningeifanya umra. Kasema lau! Kasema mbele ya maelfu ya watu, kwa sababu alikuwa anawafundisha maswahaba wakae kwenye hukumu iliyo nyepesi kwao. Basi wewe ukimwambia binti anayeposwa "lau sisi tungejua mapema tungeanza dawa mapema, nendeni mkapime" umefanya la Hijja, hujafanya la shetani. Ila ukirudi nyumbani ukazima taa ukaanza "ningempeleka hospitali nyingine, ningeamka mapema siku ile", hapo ndo hadithi inakuhusu dada yangu, hapo jikataze na useme qadarallahu wamaa shaa faal. Wewe na mumeo mlifanya kwa mlichokijua wakati ule, na Allah haulizi mtu juu ya asichokijua.

La kadari nalo lilishajibiwa zamani. Umar bin Al Khattwab (r.a) alikuwa njiani kwenda Sham (Syria na nchi za jirani), alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni, ndo ile ya Amwas ya mwaka 18 Hijria, akashauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwambia, unaikimbia kadari ya Allah? Umar akasema angesema hilo mwingine ewe Abu Ubaida! Naam, tunaikimbia kadari ya Allah kuielekea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu, akichunga huku ni kadari na akichunga kule ni kadari. Alafu akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume kwamba mkisikia tauni iko nchi fulani msiiendee, Umar akamhimidi Allah. Sasa ugonjwa ni kadari, kipimo cha damu nacho ni kadari, dawa nayo ni kadari, na huyo mama anayezunguka Mwanza kuwaambia watu wapime nani kamleta kama si Mwenye kadari? Wanaosema "acheni yaliyoandikwa yatokee" hawafanyi hivyo kwenye biashara zao, wanafunga milango usiku, wanachanja mifugo, wanawapeleka watoto wao shule nzuri. Ni kwenye ugonjwa wa mtoto wa mwingine tu ndo kadari inakuwa ya kukaa na kunyamaza. Hili linanikera na sitaki kulificha.

Kuhusu siku tatu, amechanganya mambo. Kilichowekewa siku tatu ni ile hali ya kujizuia na mapambo kwa ajili ya maiti, isipokuwa mke kwa mumewe ni miezi minne na siku kumi. Huzuni ya moyo haikuwekewa siku. Nabii Yaaqub (a.s) alilia mpaka macho yakawa meupe, na Quran haikumtoa kwenye wenye subira njema, na huyo huyo katikati ya kilio chake anawaambia wanawe nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye wala msikate tamaa na rehema ya Allah. Analia na anatuma watu kazi, vyote kwa wakati mmoja.

Na kuna jambo moja natamani kila imamu alitaje kwenye msiba wa mtoto. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim mwana wa Mtume, mtoto mdogo bado wa kunyonya. Mtume alimbeba, macho yakatoka machozi, akasema jicho linalia, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu, na kwa kutengana nawe ewe Ibrahim tuna huzuni. Siku ile ile jua likapatwa, watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Baba yeyote mwenye uchungu angeacha watu waamini hivyo, ni heshima kwa mwanawe. Yeye aliswali na watu alafu akasimama akawaambia jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mwanawe kafariki siku hiyo hiyo na yeye kasimama anaondoa ujinga kwa watu, na ujinga wenyewe umetokana na kifo cha mtoto wake mwenyewe! Hebu niambie wewe unafanya nini tofauti na hapo. Watu wanasema mtoto alirogwa, watu wanasema ni damu mbaya ya mama, na wewe unasimama na uchungu wako unawaambia sivyo.

La mwanamke kuongea sitakaa nalo sana. Sauti ya mwanamke si uchi, hilo ndo linalotegemewa kwenye madhehebu yetu ya Shafii, na aya ya Surat Al Ahzab imekataza kulegeza sauti kisha ikasema "na semeni maneno mema". Wanawake walimwambia Mtume wanaume wametushinda kwako, tuwekee siku yetu, akawawekea, na moja ya aliyowaambia siku hiyo ni kwamba mwanamke aliyetanguliza watoto watatu (waliokufa kabla yake) watakuwa kinga yake na moto, mmoja akauliza na wawili? Akasema na wawili. Jihifadhi na hijabu yako na adabu yako, uende.

Kupima kabla ya ndoa, wapo maulamaa waliosema hakuna haja, mtu amdhanie Allah vizuri. Nawaheshimu lakini siwafuati hapa, maana kumdhania Allah vizuri hakugombani na kujua, na Mtume kasema jitibuni enyi waja wa Allah. Saudi Arabia wenyewe wameweka kipimo cha selimundu na thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi) kuwa lazima kabla ya ndoa tangu 2004, kwa kuwa maradhi haya ni mengi kule mashariki mwa nchi yao, na majibu yakitoka wachumba hawakatazwi kuoana, wanapewa ushauri wakaamua wenyewe. Kwetu Tanzania madaktari wanakadiria watoto 11,000 hivi wanazaliwa na selimundu kila mwaka, na hapo kanda ya ziwa ugonjwa ni mwingi. Mimi nafungisha ndoa, na kabla ya siku yenyewe nawauliza wachumba kama wamepima, siwalazimishi.

Mama mkwe wako mwambie kwa upole, ikiwezekana mumeo ndo aseme wewe ukae pembeni. Mtoto hapati selimundu kwa damu ya mama peke yake, anachukua kinasaba kimoja kwa mama na kimoja kwa baba, na mwenye kimoja tu anaweza kufika uzeeni mzima hajui kama anacho. Kikiwa kwa wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuumwa, kila mimba upya, si kwamba akishaumwa mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Wengi wanakosea hapo. Mkitaka mtoto mwingine mnaruhusiwa, mkitaka kupumzika au kuacha mkakubaliana mnaruhusiwa pia, maswahaba walikuwa wakifanya azli (kumwaga manii nje ili mke asishike mimba) na Quran inashuka. Mkizaa mtoto apimwe mapema, akikutwa nao aanze kliniki, kinga ya penisilini, chanjo na dawa ya haidroksiyurea kama daktari atakavyoona, maana watoto wengi wanaondoka kabla ya miaka mitano kwa kukosa hayo tu.

Na hilo uliloliandika kwa woga, kwamba kliniki unajisikia karibu na Allah kuliko kwenye mswala. Usilionee aibu. Kwenye hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, Allah anasema siku ya Kiyama: ewe mwanadamu niliumwa hukuja kunitazama. Anasema Mola wangu nitakutazamaje na wewe ni Mola wa viumbe? Anaambiwa hukujua kwamba mja wangu fulani aliumwa hukumtazama? Hukujua lau ungemtazama ungenikuta kwake? Zingatia, kwenye chakula na kinywaji imesemwa ungeyakuta hayo kwangu, kwenye mgonjwa imesemwa ungenikuta mimi kwake. Unachokisikia pale wodini ukimshika mkono mama ambaye mwanae analia mifupa ni kitu ambacho kimeahidiwa, si ndoto zako. Ila mswala usiuache, ukavu wa moyo kwenye swala baada ya msiba unawapata wengi wala si unafiki, swali hivyo hivyo mkavu, sujudu ikiwa haina maneno kaa nayo hivyo hivyo.

Nikuongezee machache hujaniuliza. Siku ukichoka, lala, usidhani ukipumzika umemsahau mtoto, kumbukumbu yake haitegemei miguu yako kuzunguka. Mumeo nae kafiwa, wanaume wetu wanaficha, asije akabaki peke yake na kimya chake wakati wewe una kina mama wa kulia nao. Siri za wagonjwa na majibu ya vipimo vya watu usizitoe hata kama ni mfano mzuri wa kufundishia. Na unapoongea na walioshaoana wote wawili wanavyo hivyo vinasaba, usiwatie hofu wakakimbilia talaka, waelekeze kliniki. Yule ustadhi usigombane nae mbele za watu, mpelekee haya kwa mtu anayemsikiliza, huenda ni mtu mwema aliyefundishwa vibaya.

Rambirambi zilizobaki ni mali yenu mliofiwa, waliotoa wametoa kwenu, isipokuwa kama mtoaji aliweka sharti la matumizi. Kaa na mumeo, akiridhia nunueni vipimo au lipieni nauli za watoto wanaotoka mbali kuja kliniki, na mnaweza kuinuia iwe sadaka kwa ajili ya mtoto. Yeye hana dhambi ya kufutiwa kwa kuwa hakubaleghe, lakini thawabu ya sadaka inamfikia kwa kauli ya maulamaa wengi, na nyinyi mna yenu. Mumeo akisita usimlazimishe, tumia fungu lako tu.

Wallahu aalam.