Siku ya kumi na saba nilikula mahamri

Juzi dada mmoja wa Changamwe aliniandikia: "Kaka, nimeanguka dhambini, nataka Mungu anipokee tena. Nifunge siku ngapi?" Hakuuliza kama afunge. Aliuliza idadi tu, kama mtu anayeuliza nauli ya Mtwapa.

Sikumcheka. Mwaka 2016 mimi mwenyewe nilitangaza kanisani kwamba nafunga siku 21, bila chakula wala maji hadi jioni. Nilikuwa kiongozi wa vijana, nikifundisha kila Jumatano, na kusema kweli nilifundisha vizuri. Nilinunua daftari dogo, kila jioni naandika: maombi saa mbili, Zaburi tano, sikukasirika. (Kwenye kukasirika nilidanganya mara mbili.) Siku moja nikamwona mwenzangu wa kwaya akinywa chai saa nne asubuhi, nikamhurumia. Ile huruma ilikuwa tamu.

Siku ya kumi na saba nikashuka kwenye matatu pale Kengeleni, Mombasa. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa amefunua sufuria ya mbaazi, tui linatokota polepole, na mahamri ndiyo kwanza yanaopolewa kwenye mafuta, yamefura. Nilikula manne. La nne nililila nimeipa barabara mgongo.

Siku 21 zilipotimia nikasimama kutoa ushuhuda. Makofi, vigelegele. Niliyapokea yote.

Miezi mitatu usingizi ukanipaa, mwishowe nikawaendea wazee wa kanisa nikakiri. Wakanivua uongozi, na hilo nalikubali. Lakini mmoja wao aliifanya siri yangu kichekesho, na hata leo nikipita lango lile kuna anayeniita "Bwana Mahamri". Nimesamehe. Ila nakumbuka sauti ilikuwa ya nani.

Mama yangu, ambaye hana cheo chochote kanisani, ndiye aliyeniuliza, huku akichagua mchele: "Mwanangu, kwani ungezimaliza hizo siku, ungemdai Mungu nini?"

Nikanyamaza. Usiku nikafungua Luka 18, nikamkuta yule Farisayo anayejisifu katika sala: "Nafunga mara mbili kwa juma." Alikuwa na daftari lake pia. Na aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni mtoza ushuru, aliyekuja bila hesabu yoyote ya kuonyesha.

Kwa hiyo dada yangu, na wewe unayesoma, ushauri wangu ni huu: soma Waefeso 2:8-9. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Ukimaliza, soma tena, na ukifika penye "kipawa" simama hapo. Kipawa ukikilipia kimekuwa bidhaa. Pale Kengeleni nilipoangukia ndipo Frere Town, ambako wamisheni wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, waliwapa makao watumwa walioachwa huru kuanzia 1875. Wengi wao walitolewa kwenye majahazi na wanamaji wa Uingereza. Walifungwa minyororo, wangejikomboa na nini? Nasi tumefungwa vivyo hivyo, halafu tunataka kumpangia Bwana malipo ya awamu!

Najua utaniletea Yakobo: "imani pasipo matendo imekufa." Ni kweli, na Waefeso 2:10 yenyewe inasema tuliumbwa tutende matendo mema. Lakini mwembe hauzai maembe ili uwe mwembe. Funga, toa, fagia kanisa, ila fanya hivyo kama mtoto wa nyumbani, si kama kibarua anayengoja Jumamosi alipwe. Na daftari lichome. Mimi langu nilitumia kuwashia jiko la makaa.

Haya yote nilimwandikia yule dada, ujumbe mrefu, na mistari nikamwekea. Jana usiku akajibu: "Asante sana kaka, nimebarikiwa. Lakini angalau tatu, ama?"