Unatoka Mwanza unataka kupanda Kilimanjaro? Soma haya kabla hujalipa hela

Kila mwaka tukianza kukusanya watu wa Mwanza wa kwenda Kilimanjaro maswali yanakuja yaleyale, buti nipate wapi, jumla shilingi ngapi, baridi ikoje, na mimi ndio nayapokea kwasababu ndio napanga mazoezi na ndio naongea na waongozaji wa kule Marangu. Ya buti na baridi ntayajibu huko chini. Ila naanza na jambo ambalo watu hawaliulizi kabisa na ndilo linalorudisha watu njiani: mwili wako unafanyaje ukiupeleka juu haraka, na kwanini ukiumwa kichwa useme palepale.

Sisi watu wa hapa miguu tunayo. Mtu aliyekulia Igogo, Mabatini au Bugarika amepanda mawe na ndoo ya maji kichwani toka mdogo, na kijana aliyezoea kuvuta nyavu Ukerewe mikono na pumzi anazo. Sasa nguvu hizo ndio zinamponza mtu, maana anaona kwanini atembee kama mzee wakati njia anaiweza. Wengine wameskia kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, wanasema basi sisi tumeshazoea kuliko watu wa Dar. Mwinuko huo ni mdogo, haukusaidii huko unakokwenda. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na pale juu mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, yani oksijeni kwenye hewa ni ileile asilimia 21 lakini kila pumzi unayovuta unaambulia kidogo. Mwili unajirekebisha, unapumua kwa haraka zaidi, figo zinafanya kazi yake ndio maana unakojoa sana, damu nayo inabadilika taratibu, lakini yote hayo yanataka siku, na hakuna mazoezi yanayoyaharakisha. Mkimbiaji na mama anayeuza sato pale Mwaloni Kirumba wakifika mita 3,700 siku moja, mama anaweza kuwa mzima kabisa na mkimbiaji yuko kitandani, na nimeona ikitokea hivo.

Kuna kijana mmoja wa Igogo tulienda nae, mbeba mizigo, mwili umejengeka haswa. Siku ya pili, ile ya kutoka kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo, kutoka mita 2,720 mpaka 3,720, alikuwa mbele ya kila mtu, akafika mapema akakaa juani anatusubiri. Jioni mezani akawa anausogeza wali tu upande huu na upande huu wa sahani. Mwongozaji akamwambia, "Mdogo wangu, mbona chakula hakiendi?" Akajibu, "Nimeshiba kaka, niko fresh." Usiku akatapika nje ya kibanda, na hakusema. Asubuhi alikuwa anafunga kamba za buti, anaacha, anaanza upya, na mama mmoja wa kundi letu alikuwa amekaa pembeni yake anamwangalia akamwambia, "Mwanawane, kamwambie mkubwa wako ukweli, hapa hatujaja kugombana." Akaenda. Mwongozaji akambana kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni, akamtembeza kwenye mstari wa ubao kisigino kinagusa kidole, akaona bado ananyooka, akaamua siku ile haendi popote, anakunywa maji na supu na kulala palepale Horombo wakati sisi tunapanda kidogo kuelekea kwenye yale mawe ya Zebra na kurudi. Kesho yake kichwa kimepoa, chakula anakula. Alifika Uhuru na sisi, ametembea nyuma ya msaidizi wa mwongozaji njia nzima. Angenyamaza siku moja zaidi sidhani kama angefika hata Kibo, ile kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Kwahiyo shika hili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, hamu ya kula kuisha, uchovu usioelezeka, usingizi kugoma, hizo ni dalili za mwanzo na watu wengi wanazipata, hakuna aibu yoyote, unasema na unabaki hapohapo ulipo mpaka ziishe. Ukiwa na dalili usipande. Zikizidi unashuka, na kushuka hakusubiri asubuhi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akaongea vitu visivyoeleweka, huo ni ubongo unavimba. Akihema akiwa amekaa tu, kikohozi kinatoa povu, hayo ni mapafu yanajaa maji. Hapo ni kumshusha wakati uleule hata kama ni saa nane usiku, na mara nyingi hata mita mia kadhaa kwenda chini zinambadilisha mtu. Mwongozaji akikwambia unashuka, usimbembeleze na usimwambie umelipa hela yako. Kazi yake ni hiyo na ameshaona mengi.

Hili ndilo linaamua pia uchague siku ngapi. Marangu, ile njia yenye vibanda, inauzwa siku tano na siku sita, na tofauti ni ile siku moja ya kupumzika Horombo. Lipa sita. Najua hela ni ngumu, najua ofisini wanakubana likizo, lakini siku tano maana yake umetoka getini kwenye mita 1,800 na ushee, siku ya tatu unalala Kibo mita 4,720 na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni, na wataalamu wa mwinuko wanashauri ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kila unapolala. Hata hizo siku sita zinavuka huo ushauri, sembuse tano. Kama uwezo upo, njia ya Machame kwa siku saba au ya Lemosho kwa siku nane ni nzuri zaidi, japo ni mahema, kwasababu mnapanda mpaka kwenye mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, mnakula mchana pale alafu mnashuka kulala kambi ya Barranco chini ya mita 4,000, na mwili unafaidika sana na ule utaratibu wa kupanda juu na kulala chini. Miezi ya kukwepa ni Machi mwishoni mpaka Mei, mvua za masika. Watanzania wengi tunapanda kuelekea 9 Desemba kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, maana usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961 ndio Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge pale juu, na raha ya kufika mkiwa wengi mnaimba siwezi kuieleza, ila ujue mvua inaweza kuwepo, beba koti la mvua la kweli.

Afya, hapa naomba mnisikilize vizuri watu wa Kanda ya Ziwa. Sikoseli kwetu ni nyingi. Mwenye ugonjwa wenyewe mlima huu haumfai, oksijeni ikipungua chembe za damu zinajikunja na anapata shambulio mahali ambapo hospitali iko mbali. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambae hajawahi kuumwa maisha yake yote, huko juu anaweza kupata shida ya bandama, kwahiyo nenda kapime ujue uko wapi kisha uongee na daktari kabla hujalipa chochote. La pili malaria. Unaweza kuondoka Mwanza mzima ukaanza homa ukiwa Horombo, kichwa kinauma, unatapika, na kila mtu anadhani ni mwinuko. Ukishikwa na homa mwambie mwongozaji kwamba unatoka ukanda wa malaria, na ukishuka upime. Kuhusu Diamox, ile dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, inasaidia watu wengi kweli, vidole vinachonyota na mkojo unaongezeka, lakini usiinunue dirishani tu kwasababu rafiki yako aliinywa, muulize daktari, hasa kama una aleji na dawa za salfa. Pombe na vidonge vya usingizi viache chini.

Mazoezi hapa mjini hayana gharama. Sisi tunapanda vilima vya Isamilo na Bugando Jumamosi asubuhi, begi mgongoni lina chupa za maji za kilo sita saba, tunazunguka masaa manne matano. Tunakazania kushuka. Mtu anafanya mazoezi ya kupanda miezi mitatu alafu magoti yanamwisha siku ya kushuka, kwasababu kutoka Uhuru mpaka Horombo ni zaidi ya mita 2,100 za kwenda chini siku hiyohiyo uliyokesha. Na fanya mazoezi ya kutembea taratibu, nasema kweli, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, maana ndio mwendo utakaotumia huko na mwili usiouzoea unauchukia.

Vifaa, nenda soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza asubuhi siku wanafungua mitumba. Ukitulia unapata jaketi la manyoya mepesi, koti zito la kujaa, taitsi za ndani, mzula, glavu nene, vyote kwa bei ambayo dukani hupati hata nusu. Shika kitambaa ukiwa pale. Pamba ikilowa jasho inakaa na maji inakugandisha, kwahiyo ile ya kugusa ngozi iwe ya kitambaa cha jezi, kile kinachokauka haraka, na suruali ya jinzi acha nyumbani kabisa. Koti la juu lipulizie ukiwa umebana mdomo kwenye kitambaa chake, pumzi ikitokea upande wa pili basi upepo wa Kibo nao utapita. Slipingi begi, fimbo na tochi ya kichwani kodi Moshi. Buti ndio kitu pekee ninachosema usikodi, nunua au azima mapema, livae kwenda kazini, kwenda sokoni, mpaka mguu na buti vielewane, liwe na nafasi mbele ya vidole ukiwa umevaa soksi nene. Maji beba chupa za kudumu, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.

Chakula wanapika kizuri, na mkiwa kundi la Watanzania semeni mapema kama mnataka ugali, mpishi anafurahi mwenyewe. Huko juu hamu inakata hivo beba kitu ambacho ulimi wako unakipenda toka utoto, kwetu michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga vinapita pale ambapo biskuti zinagoma. Kunywa lita tatu hivi kwa siku, kidogokidogo.

Usiku wa samiti, yani wa kwenda kileleni, mnaamshwa kama saa tano, chai na biskuti, mnaondoka kuelekea saa sita. Unachokiona ni mduara wa tochi yako na visigino vya aliye mbele, basi, masaa matano sita mpaka Gilman, pale kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, kokoto zinateleza unapanda hatua mbili unarudi moja. Baridi inaweza kufika nyuzi 10 mpaka 20 chini ya sifuri ukijumlisha na upepo. Chupa ya maji igeuze kichwa chini ndani ya begi, barafu inaanza juu hivo mdomo unabaki wazi. Simu weka ndani karibu na ngozi, nje chaji inaisha unaiangalia. Mkisimama msikae zaidi ya dakika chache. Ukifika Gilman cheti unapata, cha kwake tofauti na cha Uhuru, na toka hapo kuna saa moja na nusu mpaka mbili nyingine kuzunguka ukingo wa kreta kupita kituo cha Stella mpaka kwenye lile bango la Uhuru. Watu wengi wanakata tamaa palepale Gilman kwasababu ya kuchoka tu, na kuchoka peke yake kunavumilika, kunywa kitu cha moto, kula, subiri jua litoke nyuma ya Mawenzi, mwili unarudi. Ila kama ni kichwa kinapasuka au unaona mbilimbili, hapo sizungumzii kuvumilia, unageuza.

Halafu wagumu, wale wapagazi. Hawa ndio wanaobeba hema, gesi, chakula na begi lako, na kutoka zile chemchemi za mwisho kwenda Kibo ni wao wanaobeba hata maji maana Kibo hakuna. Sheria ni kilo 20 kwa mtu na inapimwa getini. Kabla hujalipa kampuni uliza wagumu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Bei ikiwa chini mno kuliko kampuni zingine zote kuna mtu anaifidia, na ni yule kijana aliyevaa raba zilizotoboka. Tipu wekeni pamoja kundi zima mapema, mgawanye mbele ya watu wote kwa kutaja kiasi cha kila mmoja, isipitie mkononi mwa mtu mmoja. Na muwasalimie kwa majina yao.

Kabla ya kupanda kata kucha za miguuni ziwe fupi kabisa, siku ya kushuka vidole vinagonga mbele ya buti masaa mengi na kucha inaweza kung'oka. Ukishuka lala Moshi usiku mmoja, usipande basi la Mwanza siku hiyohiyo, safari ya kupitia Babati, Singida na Shinyanga ni ndefu na miguu inavimba ukikaa. Na buti ulizoazima zioshe tope uzianike kivulini kabla hujazirudisha, kundi linalofuata linazisubiri.