Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, mjue atakayeshika kisu

Mtu akitaka kununua kiwanja Kigamboni, atakwenda kuhakiki hati ofisi ya ardhi, atamwona mwenyekiti wa mtaa, atawauliza na majirani. Lakini daktari atakayempasua mama yake anaridhika naye kwa kuwa ana koti jeupe na shemeji amemsifia. Mimi ndiye msindikizaji wa wagonjwa katika ukoo wetu (kila ukoo una mtu wake wa kazi hii, hata kama hakuna aliyemchagua), na siku hizi sikubali upasuaji wa kupangwa kabla sijamtafuta daktari kwenye rejista.

Nimesema upasuaji wa kupangwa. Ajali, au uzazi uliokwama, ni mambo mengine: kimbilia hospitali iliyo karibu, maswali yatafuata.

Kwa Tanzania Bara rejista inashikwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar wana baraza lao. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari inataka kila anayetibu awe amesajiliwa na awe na leseni hai, na Baraza lina mfumo wa mtandaoni wa kutafuta majina. Kazi iko kwenye kulipata jina lenyewe. "Dokta Juma" hatafutiki. Unahitaji majina yote kama yalivyo kwenye vyeti, na ikiwezekana namba ya usajili. Madaktari wanawake wengine husajiliwa kwa jina la baba kisha mlangoni wakaandika la mume, kwa hiyo usiruke kuita watu matapeli kabla hujajaribu majina yote mawili.

Namna ya kuuliza ndiyo inayotushinda wengi, maana tunaona ni utovu wa adabu. Mimi huwa naanzia mapokezi.

"Samahani dada, naomba jina kamili la daktari na namba yake ya usajili."

"Kwani kuna tatizo, kaka?"

"Hapana dada yangu, naliweka kwenye faili la mama."

Wengi wanakuandikia bila shida. Sijawahi kuona daktari mwenye vyeti vyake akikasirika kwa hilo; wanaokasirika mara nyingi ni wenye kituo.

Mama alipotakiwa kubadilishiwa goti, tulielekezwa kituo kimoja binafsi jijini, tukaambiwa yupo bingwa wa mifupa anayefanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Nikalitafuta jina lake. Lilikuwepo, usajili kamili, leseni hai. Ubingwa haukuwepo. Nilipouliza nikajibiwa kwamba ana uzoefu wa miaka mingi, jambo ambalo huenda ni kweli. Tulimshukuru, tukaondoka.

Naona hapa ndipo hatari kubwa ilipo kuliko kwa wale vishoka, madaktari bandia, wanaokamatwa wodini na kutokea kwenye magazeti. Kishoka hana jina kwenye rejista, basi, umemaliza. Mgumu kumtambua ni daktari halali anayefanya kazi isiyo ya kiwango chake. Kituoni kila mtu tunamwita daktari, na hatukosei kwa heshima, ila kada zinatofautiana sana. Tabibu amesoma stashahada ya miaka mitatu, na ndiye anayebeba zahanati nyingi za vijijini. Malaria na kuhara kwa mtoto anavijua kuliko mabingwa wengi. Daktari mwenye shahada amesoma miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa utarajali chini ya usimamizi. Bingwa ameongeza hapo shahada ya uzamili, miaka mitatu au minne, katika fani moja: mifupa, watoto, akina mama, upasuaji wa jumla. Mbobezi amezidi kuchimba ndani ya fani hiyo. Kwa hiyo swali la kuuliza rejista ni, "Je, ni bingwa wa hiki kinachomsumbua mgonjwa wangu?" Ukiishia kwenye "Je, ni daktari?" umehakiki nusu tu.

Kituo nacho kina daraja lake. Wizara ya Afya ina rejista ya vituo mtandaoni, inayoonyesha kama mahali pamesajiliwa kuwa zahanati, kituo cha afya au hospitali. Bango la nje linaweza kusema "Specialized Hospital" kwa herufi kubwa, rejista ikasema zahanati.

Halafu kuna mtu ambaye karibu hakuna anayemuulizia: wa nusu kaputi. Mpasuaji anakata, lakini pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa viko mikononi mwa mtaalamu wa usingizi. Uliza atakuwa nani, amesomea wapi, na kama atakaa chumbani mwanzo hadi mwisho. Uliza damu itatoka wapi ikihitajika, na kama mambo yakiharibika mgonjwa atalazwa hapohapo au atatafutiwa gari usiku kwenda Muhimbili. Na kwa mpasuaji mwenyewe: "Daktari, upasuaji kama huu unaufanya mara ngapi kwa mwezi?" Rejista haijibu hilo. Wala haikwambii kama anasikiliza.

Wanaokwenda India wasidhani wameokoka. Wengi hupitia wakala, na wakala mara nyingi analipwa na hospitali anayokupeleka, ndiyo maana kwake kila daktari ni namba moja. Omba jina la mpasuaji kabla ya kulipia viza. India wana rejista ya taifa ya madaktari, inayosimamiwa na National Medical Commission iliyochukua nafasi ya baraza la zamani mwaka 2020, na majimbo yana mabaraza yao pia. Ukiona MBBS peke yake, hiyo ni shahada ya kwanza. Mpasuaji wa mifupa awe na cheti cha ubingwa wa fani hiyo, yaani MS au DNB.

Kuhusu "madokta" wa Instagram na WhatsApp sina maneno mengi. Mtu ana stetoskopu shingoni, anauza dawa ya bawasiri, uzazi na nguvu za kiume katika chupa moja, jina lake ni moja na namba ya simu ndiyo ofisi. Akisema yeye ni wa tiba asili, hao pia wana Baraza lao la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Muulize namba ya usajili uone kama hatakufungia.

Ikitokea jina halionekani popote, usigombane na mtu mapokezini. Chukua risiti, kadi ya kliniki na karatasi yoyote yenye jina au muhuri wake, mwondoe mgonjwa kwa kisingizio chochote, kisha wapigie Baraza wahakiki upande wao, kwa kuwa mifumo nayo huchelewa kuhuishwa. Wakithibitisha kwamba hawamjui, andika malalamiko kwao na nakala umpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya, ukiambatisha zile karatasi.