Jibu: Viza ya pamoja ya dola 100 kwa wageni wanaopitia Zanzibar

Habari ndugu. Umeuliza kama wageni wako Wajerumani wanaoanzia Entebbe, kisha Kigali, Zanzibar na kumalizia Nairobi, watumie Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki.

Kwanza angalia mpangilio wa safari. Viza ile ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, siku 90. Tanzania haimo. Wakishatua Zanzibar wametoka nje ya nchi tatu, viza imekufa, na Nairobi watadaiwa eTA, yaani kibali cha kuingia Kenya kinachoombwa mtandaoni. Mimi huwapangia wageni wangu Zanzibar iwe mwisho, warudi kwao kutokea hukohuko.

Pili, piga hesabu ya pasipoti. Mjerumani akilipa mojamoja ni dola 50 Uganda, 50 Rwanda, 30 Kenya, kwa hiyo ya pamoja inamwokolea dola 30. Mwingereza hapana: Rwanda imewafutia ada raia wa Jumuiya ya Madola kwa siku 30, atalipa 80 tu.

Ombi lipelekwe Uganda, nchi ya kwanza kuingia. Zanzibar nako, mbali na viza ya Tanzania, kuna bima ya lazima ya dola 44. Waambie mapema, inawaudhi sana wakiikuta uwanjani.