Kiinimacho si uchawi

Ndugu uliyeuliza kama kiinimacho ni uchawi: hapana, ni ufundi wa mikono na ulimi. Neno lenyewe linakuambia, kiini na macho. Kinachochezewa ni jicho lako, kitu chenyewe hakijabadilika. Umewahi kusimama kwenye karata tatu pale stendi? Jamaa anazipindua taratibu, anakuonyesha ile ya picha, anakutania kidogo, na wewe ukimtazama usoni vidole vimeshamaliza kazi. Wale wawili wanaoshinda mbele yako ni wenzake (mimi nilikuja kulijua hilo nauli ikiwa imeshakwenda).

Mazingaombwe ni karibu kitu kilekile, ila mimi nikilisikia nawaza jukwaa: watu wanajua wanadanganywa na bado wanapiga makofi. Hila ni jambo jingine, mara nyingi ina nia mbaya ndani yake. Siku hizi kiinimacho kimehamia kwenye siasa na biashara: "punguzo hilo ni kiinimacho tu", yaani bei ilipandishwa jana ili leo ishushwe. Ngeli ni KI-VI: kiinimacho kile, viinimacho vile.