Mtoto mpole kupita kiasi: maswali yenu wiki hii

Mjukuu wangu wa miaka mitatu nimemchukua baada ya wazazi wake kuachana kwa ugomvi na vipigo. Halii. Juzi kaanguka uani, kajipangusa vumbi kwa pindo la gauni, kaendelea. Majirani wananisifia mtoto mpole. – Bibi, Kongwa

Shikamoo bibi. Mimi nisingefurahi haraka. Mtoto wa umri huo akianguka humtafuta mtu wake kwa macho hata kabla ya kulia. Asiyemtafuta yeyote, huenda alishazoea kwamba haji mtu. Mwili nao huzoea. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotoa kortisoli, homoni ya kutuweka tayari kwa hatari. Kwa kawaida huwa juu asubuhi, ikashuka kuelekea usiku. Mtoto anayeishi kwa hofu inaweza kukaa juu muda mrefu; kwa wengine mfumo hupooza, isipande hata inapohitajika. Wapo pia waliozaliwa wakimya tu, ndiyo maana simtangazii ugonjwa mjukuu wako. Ila akianguka tena, mwinue kama vile analia. Vumbi mpanguse wewe.

Tunamlea mtoto wa marehemu dada tangu akiwa na miaka minne. Nasikia miaka miwili ya kwanza ikipita, basi, mtoto harekebishiki tena. – Mjomba, Ipagala

Umesikia nusu. Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuatilia watoto 136 wa vituo vya yatima mjini Bucharest. Baadhi wakapewa familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya miaka miwili hivi, miili yao ilikuja kuitikia msongo karibu sawa na ya watoto waliokulia kwao. Waliochelewa walinufaika pia, ila si sana kama hao. Na wako hakutoka kituoni, alitoka mikononi mwa mama. Hiyo ni akiba.

Nina mwanafunzi wa awali, ukimgusa bega anarusha ngumi. Kiboko kitamnyoosha? – Mwalimu, Chamwino

Kitamthibitishia anachokiogopa. Watoto waliopigwa sana nyumbani huiona hasira usoni mwa mtu upesi kuliko wenzao, hata pale ilipo kidogo tu. Pita mbele yake, mwite jina, ndipo umguse. Na kama bado anapigwa huko kwao, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure.

Kortisoli ya mwanangu nikampime wapi? – Mama, Nkuhungu

Kwa hili, usihangaike. Inabadilika saa kwa saa. Kipimo kimoja hakitakueleza alivyolelewa. Hiyo nauli mnunulie zabibu, mle wote wawili barazani.